Mizani Tuliyoiazima Maktaba

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyelinyeshea mvua bonde hili kabla mababu zetu hawajashika jembe, na anayeendelea kutunyeshea hata sisi tunaosahau kumshukuru. Ameniweka hai mpaka meno yamepungua na wajukuu wamezidi. Basi, mwanangu, sogeza kiti. Ninalo neno la kukuambia, na si refu. Ingawa mzee akikuambia si refu, bandika chai kwanza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda maktaba yetu hapa Mlabani kurudisha kitabu. Nikakuta vijana wamezunguka meza, simu mkononi, wanasaidiana kusoma masharti ya mkopo wa mtandaoni, ile mikopo mnayoiita kausha damu. Nikafurahi moyoni, maana walikuwa wanasoma kabla ya kubonyeza. Binti mmoja akainua macho, akanionyesha rafu iliyo nyuma ya mlango.

"Shikamoo, bibi. Hivi lile dude lenye kutu linafanya nini katikati ya vitabu? Mpaka limeandikwa namba ya maktaba!"

Nikaitikia marahaba, nikatazama, nikacheka peke yangu. Lile dude, mwanangu, ni mizani. Na mtu wa kwanza kuiazima nilikuwa mimi.

Siku yenyewe naikumbuka kwa harufu, maana mji mzima ulinukia mpunga mpya. Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nikiishi na bibi yangu mzaa mama, Bibi Agata. Shamba letu lilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto. Miezi ya kuamia ndege wasile mpunga tulihamia huko, tukalala kwenye kichanja cha dungu na kushinda tukipiga makopo. Mpunga ukiiva tulivuna, tukapura, tukapeta, tukauleta nyumbani. Uliwekwa sebuleni kama mgeni wa heshima, nasi tukaupisha.

Ila mgeni yule hakukaa. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, na nyasi zimechoka. Mvua ya kuchelewa ikipita, maji yalidondoka juu ya mpunga kabla hayajatudondokea sisi. Kwa hiyo kila mwaka tuliuza wote mara tu baada ya kuvuna, wakati bonde zima linauza na bei imelala chini. Na kwa kuwa tuliuza kwa bei iliyolala, fedha ya bati haikupatikana kamwe. Tuliuza kwa sababu nyumba inavuja, na nyumba ilivuja kwa sababu tunauza. Umaskini mwingi uko hivyo, mwanangu. Ni duara, ukitafuta mlango wake unazunguka tu ukuta.

Na tuliuza kwa gunia la lumbesa. Ninyi mnaojua kilo labda hamlijui vizuri. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashindiliwa, halafu juu ya mdomo linaongezwa tena, linasukwa kamba mpaka linasimama na kilemba kichwani. Hilo lote linahesabiwa gunia moja. Mnunuzi wetu alikuwa kijana mmoja mcheshi, Sadoki, mwenyeji wa Mlimba, aliyekuja na lori na magunia yake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia vizuri na kutuletea habari za ndugu wa kule juu. Lakini kilemba chake kilikuwa kirefu.

Wakati huo maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha makubwa, na mkutubi wake aliitwa Bwana Shomari. Asili yake pwani, Mwislamu mcha Mungu. Alikuja huku kikazi, akaoa, akasema samaki kitoga wa mto Kilombero amemroga harudi tena. Aliona watu wanapita nje ya mlango wake kwenda sokoni, wanarudi, hawaingii. Wengine wakajitetea kwamba hawajui kusoma. Akasema, sawa, nitawasomea mimi. Ndipo akaanzisha Jumamosi jioni kikao alichokiita darasa la mfuko. Alisoma kwa sauti bei za mazao kutoka magazetini, akaeleza riba ni nini kwa kutumia maharage mezani, akafundisha namna ya kutenga fedha ya mbegu kabla ya fedha ya sikukuu. Kina mama walikuja na mboga zao za kuchambua. Wazee walikuja kwa sababu kulikuwa na upepo. Mungu humwita kila mtu kwa njia yake.

Jumamosi moja akauliza, "Ndugu zangu, gunia la mpunga lina kilo ngapi?"

Mzee mmoja akamjibu, "Gunia ni gunia, Bwana Shomari. Unatuuliza kama mtu anayeuliza mkono una vidole vingapi."

Watu wakacheka.

"Sawa. Na gunia la Sadoki je?"

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki cha pili kilikuwa na uchungu ndani. Bwana Shomari akainama chini ya meza, akatoa mizani mpya ya kuning'iniza, yenye ndoano kubwa na uso wa duara kama saa. Alikuwa ameiomba kwa wakubwa wake muda mrefu, wakimwambia maktaba ni ya vitabu. Ubavuni alikwishaipaka namba kwa rangi nyeupe.

"Kitabu kinaazimwa," akasema. "Mizani ina dhambi gani isiazimwe? Mwenye kadi aje achukue. Siku tatu, kisha arudishe kama kitabu kingine chochote."

Nilikuwa na kadi. Mkono wangu ulipanda juu kabla akili haijashauriwa.

Niliibeba kichwani kupita sokoni, na sitasahau maneno niliyoyapata. "Deta, unakwenda kumpima mchumba?" "Akipungua mrudishe kwao!" Mama Tekla, jirani yetu mwenye ulimi wa pilipili, akaniwahi njiani: "Makubwa! Maktaba imegeuka bucha?" Nilicheka nao. Nilikuwa nimejaa furaha, nikijua kwamba mwaka huu bibi ataezeka bati.

Bibi Agata aliitazama ile mizani kama unavyomtazama nyoka aliyeingia na adabu zake.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kupimia mpunga, bibi. Sadoki anakuja Jumatatu. Tutajua tuna kilo ngapi."

"Mpunga wangu haupimwi."

Hapo lazima nikueleze desturi yetu, maana leo imefifia. Wazee wetu hawakuhesabu mavuno. Lundo likishafika nyumbani, mama mwenye shamba alilifunika kwa ungo, na ukimuuliza umepata kiasi gani alikujibu, "Mungu katupa." Ukihesabu, walisema, baraka inasikia inahesabiwa, inaona haya, inaondoka. Bibi aliishika desturi hiyo kama alivyoishika rozari yake.

Nikajaribu kubishana. Nikamweleza habari ya kilemba, habari ya kilo, habari ya maharage ya Bwana Shomari. Naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Mjukuu wangu, Mungu amekupa chakula. Sasa unataka kumkagua?"

Nilitoka nikakaa nje na machozi yangu, na ile mizani ikakaa kwenye kona ikitazamana na lundo lililofunikwa ungo. Nilijua Jumatatu Sadoki atakuja na magunia yake, mpunga utavikwa vilemba, utapanda lori, na sisi tutasubiri mvua chini ya nyasi zile zile. Akili ilikuwa upande wangu, lakini mwenye mpunga alikuwa bibi. Ukitaka kumsaidia mtu mzima, mwanangu, kuwa na hoja peke yake hakutoshi. Lazima ungoje mpaka hoja impate mahali anapoishi.

Na bibi yangu aliishi kanisani.

Jumapili tukaenda Misa ya kwanza. Injili ya siku ile ilikuwa ile ya umati wenye njaa kule nyikani. Padre aliisoma taratibu, namna Bwana alivyowauliza wanafunzi wake wana mikate mingapi, namna alivyoitwaa, akashukuru, akawagawia watu, na namna walivyokusanya mabaki vikapu kwa vikapu. Nilikuwa nasinzia kidogo, Mungu anisamehe, ndipo kiwiko cha bibi kikanipata ubavuni. Nikadhani ananiamsha. Kumbe alikuwa ameshtuka yeye.

Tukashika njia ya kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye daraja dogo akasimama.

"Deta. Aliwauliza mikate mingapi."

"Ndiyo, bibi."

"Aliuliza! Yeye Bwana mwenyewe, anayejua kila kitu. Akauliza kabla. Na baadaye vikapu vikahesabiwa. Na baraka haikukimbia, bali watu wote walishiba." Akatikisa kichwa, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuta ufunguo alioutafuta umening'inia shingoni mwake. "Katikati alishukuru. Sisi tumeshika ile shukrani ya katikati peke yake. Mwanzo na mwisho tumewaachia wenye malori!"

Jumatatu asubuhi tulisimamisha miti mitatu uani, tukaifunga vichwa pamoja, mizani ikaning'inia katikati. Bibi aliondoa ungo kwenye lundo, akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwa sauti, akalitaja shamba letu kwa jina. Halafu akaniambia, "Haya, pima."

Sadoki alipofika alitukuta tunamsubiri. Akajaza gunia lake la kwanza kama kawaida, akalisuka kilemba, nasi tukamwomba alitundike. Mshale ulizunguka ukapita pale gunia linapopaswa kuishia, ukaendelea na safari. Bibi akaomba kile kilemba kifunguliwe, kipimwe peke yake. Mwanangu, kile kilemba kimoja kilikuwa chakula chetu cha siku nyingi. Bibi alikitazama muda mrefu.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiandaa karamu mjini," akasema, "na mimi sikualikwa."

Sadoki akajikuna kichwa. "Bibi yangu, mimi nanunua gunia. Sinunui mshale."

"Na mimi nauza mpunga, mwanangu. Siuzi kilemba."

"Basi nitakwenda nyumba nyingine."

"Nenda salama. Uwasalimie."

Akaondoka. Kweli akapanda lori akaondoka, na vumbi likabaki limesimama uani kwetu. Sitakuficha, niliogopa. Upande wa milima kulikuwa na wingu, na mpunga wetu ulikuwa wazi. Mama Tekla akachungulia juu ya ua. "Haya! Mwenzetu kamfukuza mnunuzi. Jioni mtapika vitabu?" Nikataka kumkimbilia Sadoki nimrudishe. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, rozari mkononi.

"Kaa, Deta. Mtu anayekimbilia mnunuzi amekwisha kujipunguzia bei."

Tukakaa. Jua likapanda. Ndipo Mama Tekla akaingia, nyuma yake mwanawe amebeba gunia.

"Sijaja kupima," akasema. "Nimekuja kuona tu."

Akaona. Aliona mshale, akaona kilemba chake mwenyewe kikipimwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ulimi wake ulikosa la kusema. Halafu ulilipata. Alitoka akapita mtaa mzima akitangaza kama mtu aliyeona moto. Kabla ya adhuhuri uani kwetu kulikuwa na foleni ya magunia, watu wanacheka, wanashangaa, wanataniana. "Pima na mke wangu tujue hasara!" mmoja akapiga kelele, na mkewe akamjibu, "Anza wewe, mshale hautatikisika!" Na lile wingu, nisilisahau, likapita zake kuelekea Mahenge.

Sadoki alirudi alasiri, maana kila mlango aliobisha aliambiwa, "Kwa kilo." Alisimama akaitazama ile foleni, akaegemea lori lake, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mlabani mmenifunga kamba ya lumbesa mimi mwenyewe! Bibi, uchawi huu umeutoa wapi?"

"Maktaba," bibi akamjibu. "Unaazimwa bure. Uwe na kadi tu."

Akawa mpole. Akaja akakaa karibu na bibi, akasema neno ambalo hatukulitegemea. "Nikwambie ukweli, bibi. Hata mimi nikifika mjini wakubwa wananipima lumbesa hiyo hiyo. Sijawahi kujua nauza kiasi gani." Bibi akaniagiza nimletee maji ya kunywa. Siku ile alinunua kwa kilo, mtaa mzima, na aliondoka amelipa zaidi lakini amejua anachobeba.

Bibi hakuuza wote. Aliuza kiasi cha kumpatia bati za upande mmoja wa nyumba. Unajua alizipigilia wapi? Juu ya mpunga. Yeye aliendelea kulala upande wa nyasi, na watu walipomcheka akasema, "Mpunga ukilala pakavu, na mimi zamu yangu iko njiani." Miezi ya njaa ilipofika, bonde limekwisha kuuza na bei imeamka, alifungua akiba yake, akaipima, akaiuza polepole, na bati za upande wa pili zikapanda. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya nyumba ile, mwanangu, ilipiga kelele kama ngoma ya harusi. Bibi alikaa katikati ya sebule, mikono magotini, akitazama juu. Hakuna tone lililoshuka isipokuwa yale ya machoni kwake, na hayo yalikuwa ya furaha.

Na ile mizani? Siku tatu zilipita, na nyingine zikapita, maana mtaa haukutaka kuiachia. Nilipoirudisha Bwana Shomari alikuwa amekunja uso. "Binti, umechelewesha. Kuna faini." Bibi, aliyekuwa nyuma yangu, akaweka mezani bakuli la wali wa mpunga mpya na kitoga wa nazi. Bwana Shomari akafunua, akanusa, akasema, "Faini imepokelewa. Mnaweza kuchelewesha tena." Siku hiyo hiyo bibi akaomba kadi, yeye asiyejua herufi hata moja. Aliiweka kwenye kifuko cha rozari, na kila Jumamosi alikuwa kiti cha mbele, akisomewa. Mwaka uliofuata Sadoki alikaa karibu naye.

Sasa nikupe neno langu, mwanangu, kabla chai haijapoa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema haba na haba hujaza kibaba. Angalia vizuri: kibaba chenyewe ni kipimo. Huwezi kujua kimejaa kama huna kibaba. Siku hizi lumbesa haivai kamba. Inakaa ndani ya simu yako, imeandikwa kwa herufi ndogo, inakuambia bonyeza hapa upate fedha sasa hivi. Kilemba kiko pale pale: ni riba, ni makato, ni faini ya kuchelewa ambayo haikubali wali wa nazi. Kabla hujabonyeza, ichukue simu yako uende nayo maktaba. Kaa na wenzako, msome kwa sauti, mpime kilemba peke yake. Kuuliza si aibu, na asiyejua kusoma asione haya. Bibi yangu alisomewa, akaezeka nyumba.

Na wewe uliyepewa dhamana ya maktaba, popote ulipo, Mlimba au Masagati au mahali ambapo maktaba yenyewe ni kabati moja, usingoje watu waje kwako wakiwa wasomi. Waite na mboga zao. Wasomee bei. Fundisha riba kwa maharage. Azimisha kitu wanachokihitaji mkononi, na umwalike hata mnunuzi, maana naye ana mtu anayempunja. Zaidi ya yote uwe na subira na mzee anayekataa. Huenda hana ujinga wowote. Huenda anailinda shukrani yake, na hajaonyeshwa bado kwamba shukrani na hesabu zinaweza kukaa chini ya bati moja.

Hesabu ulicho nacho kabla. Mshukuru Mungu katikati. Hesabu kilichobaki baada. Ndivyo nilivyojifunza kwa bibi yangu, naye alijifunza kwa Bwana.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki. Aubariki mkono wako unaopanda na mkono wako unaopima. Akujalie mpunga usiopunjwa, paa lisilovuja, na jirani wa kucheka naye kwenye foleni. Akiba yako iwe ndefu kuliko njaa yako. Na siku mvua itakapopiga juu ya bati lako, ukae katikati ya nyumba yako pakavu, utazame juu, useme: Mungu katupa, nasi tunajua kiasi gani. Amina.